Aliyeshindwa Apite Kwanza

Mtu huyu nitamwita Kocha, maana hivyo ndivyo Jeddah yetu ilivyomwita, yaani ile Jeddah ya madereva, walinzi na wabeba mizigo wanaopata kupumua siku ya Ijumaa. Jina lake la kwenye ikama, kile kibali cha ukaazi, nililijua, lakini halikumkaa vizuri. Alizaliwa wapi na wazee wake ni kina nani, hayo waulizwe kwao. Mimi nilimjua miaka ile alipokuwa dereva wa familia moja nami dereva wa familia nyingine, nyumba zetu zikitenganishwa na msikiti na duka la dawa. Na nilimjua kwa ugonjwa wake mmoja: alitaka watu wa Jeddah wacheze raga.

Nasema ugonjwa, na sitaki kuomba radhi. Jeddah ni mji wa kandanda. Una timu mbili kubwa, na mtu akikuuliza wewe ni wa ipi, ni kama anakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Nimewahi kuona ndugu wa tumbo moja wakikataa kupanda gari moja baada ya mechi. Mmoja nikampakia mimi, mwingine akaita teksi. Sasa mji kama huo uuletee mpira wenye umbo la yai, uwaambie watu waubebe mikononi na wautupe nyuma ili waende mbele! Mimi mtu wa Mombasa, kandanda nimekua nayo, na nilimwambia wazi tangu siku ya kwanza.

"Kocha, huku mchezo wako hauna mtu."

"Sikiza, Pwani," akasema. Jina langu hakuwahi kulitumia. "Hata kwetu Nakuru kandanda ndiyo ilikuwa ya kwanza. Hakuna mtu huzaliwa na mchezo. Mchezo huletwa na mtu, halafu watu wanazoea. Shida huwa ni kupata huyo mtu, na si mimi niko hapa?"

Alisema hivyo akiwa amechuchumaa kando ya gari la bosi wake, anapangusa rimu kwa mswaki wa meno. Gari lile lilikuwa safi kuliko sahani zetu. Chumba chake, kwa upande mwingine, kilikuwa hakiingiliki. Nguo chafu juu ya jiko, sufuria chini ya kitanda. Nilipomuuliza akasema gari linaonwa na watu, chumba kinaonwa na yeye tu, na yeye alishajizoea.

Mpira wa raga Jeddah haupatikani, au angalau yeye hakuupata. Alizunguka Balad yote, yaani masoko ya mji wa kale, kutoka kwa wauza mabegi hadi kwa wauza manukato, akiwaonyesha watu kwa mikono: hivi, mrefu, si wa duara. Mmoja alimletea tikiti maji dogo. Mwishowe mzee mmoja wa vitu vilivyotumika akatoa kutoka nyuma ya duka mpira wa Wamarekani, ule wa mchezo wao wa kofia na mabega ya plastiki, mwembamba, umechongoka ncha mbili, una kamba za viatu ubavuni. Kocha aliutazama kama mtu aliyeletewa mchumba ambaye si yule wa kwenye picha. Akaununua.

Kila Mkenya aliyekwenda likizo aliapa atamletea mpira wa kweli. Wote walirudi na unga wa ugali na majani ya chai. Basi raga ya Jeddah ilichezwa kwa mpira wa mchezo mwingine, kwenye uwanja wa mchezo wa tatu, na yeye hakuona kasoro. Alisema mpira ni mgeni, na mgeni huchukuliwa alivyo.

Uwanja wenyewe ulikuwa Ghulail, kipande cha ardhi kilichobaki wazi nyuma ya bakala, yaani duka la vyakula, ya mzee mmoja wa Kihadhrami tuliyemwita Ammi. Ilikuwa vumbi na kokoto, huku na huku kipande cha chupa. Kila Ijumaa baada ya alfajiri, kabla jua halijakasirika, Kocha alichora mistari kwa unga wa ngano ulioingia wadudu, ambao Ammi alimwekea badala ya kuutupa. Alichora akitembea kinyumenyume, ameinama, ulimi nje, na ole wako ukanyage mstari kabla ya mechi kuanza. Baadaye Barasa, mlinzi wa geti moja upande wa kaskazini na mchezaji wetu mwenye nguvu kuliko wote, alinidokeza kwamba kule Nakuru Kocha hakuwahi kufundisha timu yoyote. Alikuwa mchora mistari wa uwanja. Nilicheka sana, halafu nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka mistari ile ilivyonyooka.

Tulikuwa haba. Raga ya watu saba kila upande inataka watu kumi na wanne, na kila Ijumaa wanne au watano walikuwa wamezuiwa: huyu madam anataka kwenda kwa dada yake, yule bosi ana wageni, mwingine amelala tu na simu imezimwa. Ndiyo maana nami, shabiki wa kandanda na mwenye kitambi, nikajikuta ndani. Kocha aliniweka katikati ya wale watatu wanaoshikana mabega na kusukumana na watatu wa upande wa pili, vichwa chini, kama mafahali. Alisema pale hapahitaji akili.

Siku ya kwanza tuliposhikana namna hiyo, tukiguna, vumbi limepanda, Ammi alitoka dukani mbio ameshika ndoo ya maji. Aliona wanaume sita wamekamatana makoo. Kwa watu wa Hijazi, ukikuta watu wanapigana huwatenganishi kwa mikono. Unawaambia wamswalie Mtume, na akishatajwa Mtume ni aibu kuendelea.

"Sallu ala nnabi!" akapiga kelele. "Halas! Sallu ala nnabi!"

Waislamu tulikuwa watatu, mimi na wawili wa upande wa pili. Tukaitikia, na mikono ikaachia yenyewe, maana ndivyo tulivyolelewa. Barasa, ambaye ni wa Salvation Army na hakuelewa kitu, aliendelea kusukuma hewa. Alitua kwa uso. Ammi akammwagia ndoo yote ya maji, akambusu utosini, akamwambia shetani alaaniwe.

Tulidhani Kocha atakasirika. Aliniuliza tu nimweleze neno kwa neno yule mzee alisema nini na kwa nini tuliachia. Nikamweleza. Akatikisa kichwa kwa muda.

"Maze, hiyo ni kali kuliko kadi nyekundu," akasema.

Tangu hapo hasira zikipanda uwanjani hakupiga kipyenga. Alisema, "Mswalieni Mtume!" Waislamu tuliitikia, Wakristo walisubiri kwa adabu, na ugomvi ulikwisha. Yeye mwenyewe Jumapili usiku alikuwa akisikiliza mahubiri ya Nakuru kwenye simu, ameegesha gari kando, vioo vimepandishwa.

Kuhusu kandanda alikuwa na maneno mabaya ambayo siwezi kuyaandika yote. La wastani lilikuwa kwamba ni mchezo wa kuanguka na kulia. "Mtu amepulizwa na upepo, anashika goti, anaita mama. Kwetu mtu anavuja damu anaambiwa ajifute, asichafue mpira." Lakini bosi wake alikuwa mwanachama wa kufa na kupona wa mojawapo ya zile timu mbili, na kila mechi ya nyumbani Kocha ndiye aliyempeleka na kumsubiri kwenye maegesho. Aliniambia hakuhitaji kuuliza matokeo. Alijua kwa jinsi mlango wa gari ulivyofungwa. Ukifungwa taratibu, alisema, "Mabruk, baba, leo mmewafundisha." Ukipigwa, alizima redio na kuendesha polepole mpaka nyumbani. Wakati mwingine nilimkuta akijua majina ya wachezaji wa akiba ambao hata mimi sikuwajua. Nikimtania, alisema kazi ni kazi. Sikumwamini, na bado simwamini.

Kitu kimoja kilikuwa hakina mjadala kwake. Mechi ikiisha, walioshinda hujipanga mistari miwili, wanatazamana, wanaacha kichochoro katikati, na walioshindwa wanapita humo wakipigiwa makofi. Kisha walioshindwa nao wanapanga kichochoro chao. "Aliyeshindwa apite kwanza," alisema kila Ijumaa, kana kwamba hatujawahi kusikia. Barasa alimuuliza kwa nini asipite mshindi, ndiye mwenye haki. Kocha akamjibu kwamba mshindi ana furaha ya kumfikisha nyumbani, asiye na kitu ndiye wa kusindikizwa. Sisi tuliona ni mambo ya kizungu. Tulipiga makofi haraka haraka tukakimbilia maji ya baridi ya Ammi.

Pembeni ya uwanja, Ijumaa zote hizo, walikaa vijana wa kandanda. Walikuwa Wasudani, Wachadi na Wayemeni wachache, na kiongozi wao alikuwa Hamid, fundi wa viyoyozi, mrefu, mpole, mwenye mguu wa kushoto ambao ungemtajirisha kama angezaliwa na karatasi nyingine za uraia. Walisubiri tumalize ili waanze wao. Waliucheka mpira wetu, wakauita beidha, yaani yai. Kocha kila mara aliwakaribisha waingie wajaribu. Hamid aliweka mkono kifuani, akasema inshallah wiki ijayo, na wiki ijayo haikufika.

Kilichotuua si kandanda, ingawa mimi nilikuwa nimetabiri hivyo kwa majivuno. Kilichotuua ni kokoto. Barasa aliangushwa na mtu wa upande wake mwenyewe, kwa makosa, akatua kwa bega, na mtulinga ukavunjika. Tulisikia. Katika kandanda ukiumia unachechemea wiki moja. Katika raga ukiumia, Jumamosi msimamizi anakuja getini anakuta mlinzi ana mkono mmoja, na mlinzi wa mkono mmoja anakatiwa tiketi ya kurudi kwao. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mchezo wa kukamatana unataka mtu ambaye mwili ni wake. Miili yetu sisi ilikuwa imeazimwa hadi mwisho wa mkataba.

Barasa alikaa getini na mkono ndani ya koti, wenzake wa zamu wakimfichia. Zamu ya Ijumaa ndiyo aliyosimama peke yake. Kocha akavaa sare ya Barasa, ambayo ilimbana kifuani, akaenda kusimama lile geti kuanzia alfajiri mpaka jioni. Ijumaa hiyo, na iliyofuata, na nyingine, mpaka mfupa uliposhika. Hakutuambia. Tulikwenda uwanjani tukakuta hakuna mistari. Tulikaa, tukaulizana, tukaondoka. Wiki ya tatu wengi hawakuja kabisa. Mimi nilimkasirikia sana Kocha siku zile, nikisema mtu anayetukokota vumbini miaka yote anatutupa bila hata ujumbe. Barasa ndiye aliyeniambia ukweli, na nilimwendea Kocha tukanywa chai. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Aliporudi Ghulail, Hamid na vijana wake walikuwa wameshika uwanja tangu alfajiri. Walikuwa na magoli ya mabomba ya viyoyozi, na timu nyingi zikisubiri zamu. Kocha aliomba saa moja. Akapewa, kwa heshima, lakini tulikuwa watu watano, na watu watano hawachezi raga. Hamid akamfuata akiwa na kipyenga mkononi.

"Ya Kabtin," akasema, "sisi kila mechi tunapigana kwa sababu ya refa. Wewe huna timu hapa. Huna upendeleo. Tupigie kipyenga."

Kocha alikataa Ijumaa mbili. Ya tatu akakubali, kwa masharti yake: anayesema na refa ni nahodha peke yake, na mechi ikiisha, aliyeshindwa apite kwanza. Vijana waliyaona masharti ya ajabu lakini mepesi. Nilimtazama akikimbia na kipyenga katikati ya mchezo wa kuanguka na kulia, uso umekunjamana kama mtu anayekunywa mwarobaini, na sikuwa na moyo wa kumtania.

Alipokuwa anaondoka Jeddah, bosi wake alikuwa ameuza nyumba na kuwaachilia wafanyakazi, naye akapata kampuni ya ulinzi Riyadh iliyokubali kumhamisha kwa kafili mpya, yaani mdhamini wa kibali chake. Alimwachia Ammi ule mpira wa Balad. Ammi akautundika juu ya friji ya soda kwa kamba zake zile za viatu.

"Watakuja kuuulizia," Kocha akaniambia pale kituo cha basi. "Ukisikia wameanza tena, unipigie. Lakini ukija kuniambia imekufa kabisa, Pwani, basi nitajua nilitupa Ijumaa zangu zote. Na mtu kama mimi, bana, ana nini kingine zaidi ya Ijumaa?"

Sikupiga. Sikuwa na la kupigia. Simu nayo baadaye ikapotea na namba zake.

Sasa mimi pia nakaa Riyadh. Kazi ilimleta bosi wangu huku, lakini moyo wake na timu yake vilibaki Jeddah. Msimu huu timu hiyo ilipokuja kucheza, mwenzake aliyekuwa aende naye akaugua, na bosi, aliyekuwa ameshika tiketi mbili, akanitazama kwenye kioo. "Yalla, leo unaingia," akasema. Nikaingia. Kiti changu kilikuwa safu za chini.

Uwanja umejaa, ngoma, bendera, watu wote wanatazama nyasi. Mbele yetu walisimama walinzi wa jukwaa, vizibao vya manjano, migongo yao uwanjani na nyuso zao kwetu, maana kazi yao ni kutazama watu na si mpira. Mmoja alikuwa na mvi, ameshikana mikono nyuma. Nilimjua kabla hajanijua.

Mapumziko nilishuka nikasimama karibu yake. Aliniona, midomo ikatabasamu, macho yakabaki kwa watu.

"Pwani. Umenenepa."

"Nawe umepata kazi nzuri. Unalipwa usitazame kandanda."

"Mungu husikia maombi," akasema, na tumbo likamtikisika kwa kicheko. Kisha akatupa macho safu za juu. Nilijua kitakachofuata, na nilitamani kipindi cha pili kianze. "Ulipita Ghulail?"

Nilikuwa nimepita, Idi iliyotangulia. Ningeweza kumdanganya. Ni mtu wa mbali, hatakwenda kuangalia. Lakini hakuwahi kunidanganya mimi, hata kuhusu kitambi changu.

"Raga hakuna, Kocha. Imekwisha. Hata wale wetu waliobaki wanacheza kandanda."

Alimwonyesha kijana mmoja ashuke kwenye kiti alichokuwa amekipanda, kijana akashuka.

"Mpira?"

"Uko juu ya friji. Watu huuliza bei, Ammi anasema una mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaona shingo yake imelegea kidogo, na nilimwonea huruma hata nikawa na hasira, sijui na nani. Ndipo nikamweleza kile nilichokuwa nimekiona siku ile na nisijue nikiweke wapi. Kwamba mechi ya kandanda ilipokwisha pale Ghulail, vijana walioshinda walijipanga mistari miwili bila kuambiwa. Hamid mwenyewe alikuwa amesharudi Sudan. Wengi pale walikuwa wageni ambao hawakumjua Kocha wala sura yake. Na kabla ya hapo ugomvi ulipotaka kuzuka, mmoja aliwaambia wamswalie Mtume, na nahodha peke yake ndiye aliyekwenda kwa refa. Niliuliza kijana mmoja wa Kichadi mambo haya yametoka wapi. Akanishangaa. Akasema ndiyo desturi ya Ghulail, tangu zamani.

Kocha kwa mara ya kwanza aliondoa macho kwa watu, akanitazama mimi.

"Nani hupita kwanza?"

"Aliyeshindwa."

Akarudisha macho jukwaani. Akavuta kizibao chake kikae sawa. Kipyenga cha kipindi cha pili kikalia nyuma yake, naye akanionyesha kwa kidevu nirudi kwenye kiti changu.

Timu ya bosi wangu ilifungwa. Tulishuka katikati ya wenyeji waliokuwa wakiruka na kuimba, njia ya kutokea ni moja, na bosi alikuwa amejifunika skafu yake kichwani kama mfiwa. Kocha alinyoosha mkono akawazuia wale wenye furaha. "Lahadha, lahadha," akawaambia, na wakasimama. Kwa mkono mwingine akamwashiria bosi wangu apite. Bosi alipomfikia, Kocha akampigia makofi, ya polepole, ya chini chini. Mimi nilipita nyuma yake, nami nikapigiwa.

Ndani ya gari mlango ulipigwa kwa nguvu. Nilizima redio. Tulikwenda mpaka taa ya tatu ndipo bosi akafungua kinywa.

"Yule mlinzi uliyekuwa ukizungumza naye. Alinipigia makofi. Ananicheka?"

"Hapana, baba. Ni desturi. Aliyeshindwa hupita kwanza, na husindikizwa."

"Desturi ya wapi hiyo? Yenu Kenya?"

"Hapana. Ya Ghulail."

"Ghulail?" Akageuka kabisa kwenye kiti. "Mimi nimezaliwa Jeddah. Tangu lini?"

Taa ikawa kijani.

"Tangu zamani, baba," nikamwambia.